Baiskeli ya Kukunja: Ijaribu Kwanza, Ndipo Uinunue



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Safari hii tunazungumza juu ya baiskeli. Pengine mtu atauliza: baiskeli na afya vinahusianaje? Vinahusiana kwa njia mbili.

Kwanza, baiskeli ni dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, kwa siku tano. Anayekwenda kazini kwa baiskeli robo saa, na kurudi robo saa, amekwisha kutimiza kiasi hicho bila kutenga muda wa pekee. Mazoezi ya namna hii husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, huimarisha moyo, wala hayagongi magoti kama kukimbia.

Pili, baiskeli isiyofaa huleta wagonjwa. Sisi tunaohudumia majeruhi tunawaona: mtulinga uliovunjika, kifundo cha mkono kilichovimba, meno yaliyong'oka, kisigino cha mtoto kilichochanwa na spoku. Wengine hawakuanguka kabisa. Wanakuja na maumivu ya goti au mgongo, au ganzi ya vidole, na ukiwauliza vizuri utakuta kiti cha baiskeli kimewekwa chini mno au juu mno.

Siku hizi watu wengi wanatuuliza juu ya zile baiskeli ndogo zinazokunjika katikati. Nyingi huingia nchini kama mtumba, hasa kutoka Japani, na nyingine ni mpya. Sisi wenyewe tulipaswa kununua baiskeli za namna hii kwa ajili ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Basi tunaeleza hapa yale tunayoyajua na jinsi tulivyochagua, ili familia inayotaka kununua isipoteze fedha wala kuvunja mfupa.

BAISKELI YA KUKUNJA NI NINI?

Ni baiskeli ambayo fremu yake ina bawaba, kama mlango. Ukifungua kifungio, nusu ya mbele hulala kando ya nusu ya nyuma. Usukani huinamishwa, kiti hushushwa, na mara nyingi pedali nazo hukunjwa. Magurudumu yake ni madogo: nyingi ni za inchi 20, nyingine inchi 16. Baiskeli kubwa tuliyoizoea vijijini ina magurudumu ya inchi 28.

Jambo hili si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Uingereza walioruka kwa miavuli walipewa baiskeli za kukunja. Mwaka 1975, huko London, mhandisi Andrew Ritchie alianza kubuni baiskeli ya kukunja. Aliiita Brompton, kwa jina la kanisa Katoliki la Oratori ya Brompton, ambalo aliliona kutoka dirisha la nyumba yake. Huko Marekani, mwanafizikia David Hon alianzisha kampuni ya Dahon mwaka 1982. Nia yao ilikuwa moja: mtu aweze kupanda treni au basi na baiskeli yake, kisha aendelee na safari bila kutegemea gari.

INAMFAA NANI?

Inamfaa yule ambaye safari yake ina vipande viwili: kipande cha gari na kipande cha baiskeli. Inamfaa anayeishi katika chumba kimoja mjini, asiye na mahali pa kuweka baiskeli usiku. Inawafaa pia watu wa kimo tofauti wanaotumia baiskeli moja, kwa sababu kiti hupanda na kushuka sana. Tena fremu yake ni ya chini. Mama aliyevaa kitenge, Sista katika vazi lake, na mzee ambaye goti halinyanyuki vizuri, wote huipanda bila kurusha mguu juu.

Haimfai anayebeba magunia ya mahindi, mkaa au madumu manne ya maji. Haimfai anayepita kila siku kwenye mchanga mwingi au makorongo. Gurudumu dogo huzama katika mchanga upesi, na shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita juu juu, dogo huingia ndani yake. Mtu wa namna hiyo abaki na baiskeli kubwa, wala asione haya.

Tena tuangalie uzito. Watengenezaji huandika uzito ambao baiskeli inaweza kubeba, yaani mtu pamoja na mzigo wake. Nyingi huandikwa kilo 100 hadi 110 hivi, na nyingine pungufu ya hapo. Mtu wa kilo 85 mwenye mzigo wa kilo 20 amekwisha kufika mpakani. Ndiyo sababu hatushauri kabisa kumpakia mtu mzima nyuma ya baiskeli ya kukunja.

KABLA YA KUIPANDA

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema mkulima asitazame kama mpini umeoza. Ukifika dukani au kwa muuzaji wa mtumba, usikimbilie kupanda. Kwanza fanya haya:

1. Tazama bawaba. Pitisha kidole mahali fremu ilipounganishwa na bawaba. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au mstari wa kutu, huweza kuwa dalili ya ufa. Penye ufa, iache. Kulehemu upya mahali hapo si dawa ya kuaminika.

2. Tazama kifungio. Kinapofungwa kiwe kigumu kiasi mkononi, wala kisifungike kwa kuguswa tu. Kizuri kina komeo dogo la usalama linalozuia kisifunguke chenyewe njiani. Angalia vivyo hivyo kifungio cha nguzo ya usukani. Usukani ukilala ghafla wakati wa mwendo, mtu huanguka kwa uso.

3. Jaribu kama inacheza. Simama kando ya baiskeli, shika breki ya mbele, kisha isukume mbele na nyuma. Weka mkono mmoja juu ya bawaba. Ukisikia mkwaruzo au mcheko wa vyuma, bawaba imelegea. Nyingine hukazwa na fundi, nyingine imekwisha kulika.

4. Tazama alama kwenye nguzo ya kiti. Kuna mstari unaoonyesha mwisho wa kuivuta juu. Mstari huo usionekane nje. Ukionekana, kipande kilichobaki ndani ni kifupi, na nguzo inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

5. Tazama matairi. Mpira uliokaa juani au bohari miaka mingi hupasuka pembeni hata kama meno yake bado ni marefu.

6. Shika breki moja moja. Katika baiskeli nyingi za Japani na Uingereza, mkono wa kulia ni breki ya mbele. Katika nyingi za Marekani na Ulaya bara, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Asiyejua, akishika kwa nguvu breki ya mbele katika mteremko, hurushwa juu ya usukani. Basi ijue kabla hujaondoka.

KIPIMO CHA KITI NA MWILI WAKO

Hapa ndipo magonjwa mengi ya baiskeli yanapoanzia, nasi tunaomba msomaji asome polepole.

Kaa juu ya kiti huku umejishikiza ukutani. Weka kisigino juu ya pedali, kisha ishushe mpaka chini kabisa. Mguu wako uwe umenyooka. Halafu weka sehemu pana ya mbele ya unyayo juu ya pedali, kama unavyoendesha kweli. Goti sasa liwe limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa sana kila mzunguko, na maumivu huja mbele ya goti. Kiti kikiwa juu mno, nyonga hucheza huku na huku, na maumivu huja nyuma ya goti na kiunoni.

Kwa anayeanza kujifunza, au mzee anayeogopa kuanguka, kiti kishushwe kwa muda ili miguu yote miwili ifike chini. Akizoea, kipandishwe.

Kiti kiwe sawa, kisiinamie mbele wala nyuma. Kikiinamia mbele, uzito wote huja mikononi, na kidole kidogo na cha pete hupata ganzi. Kikiinuka mbele, hubana mishipa, na mtu hupata ganzi sehemu za siri. Ganzi ya namna hii si jambo la kuonea aibu. Rekebisha kiti, na ikiendelea njoo hospitali.

Usukani uwe karibu kiasi kwamba viwiko vyako vimekunjika kidogo. Baadhi ya baiskeli za kukunja haziruhusu usukani kupanda au kushuka. Mtu mrefu hujikuta magoti yanakaribia kugonga usukani anapokata kona. Hilo huwezi kuliona kwa macho dukani. Utalijua kwa kuendesha tu.

KUJARIBU BARABARANI

Muuzaji mwema hatakataa ujaribu. Acha kitambulisho au umwache ndugu yako dukani, lakini usinunue kwa kuzunguka uani mara moja. Endesha angalau robo saa. Mwili hauanzi kulalamika katika dakika mbili za kwanza.

Anza mahali tambarare pasipo magari. Gurudumu dogo hugeuka upesi kuliko kubwa, na anayetoka kwenye baiskeli ya inchi 28 atahisi usukani unatetemeka. Hali hiyo ni ya kawaida, na kwa mtu mwenye afya huzoeleka. Isipozoeleka baada ya robo saa, au ukiona baiskeli inajivuta upande mmoja, kuna kasoro.

Kisha panda kilima kidogo. Watu hudhani gurudumu dogo maana yake ni kukanyaga sana. Sivyo lazima. Watengenezaji huweka gurudumu kubwa la meno kwenye pedali ili kila mzunguko ukupeleke mbali. Lakini kama haina gia, kilima kitakuchosha. Tumia kipimo hiki: ukiweza kuongea lakini usiweze kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Ukishindwa hata kuongea, ni mazoezi makali, hayamfai mgonjwa anayeanza.

Halafu shuka mteremko polepole na ujaribu breki. Shika zote mbili kwa pamoja, taratibu, huku ukisogeza mwili nyuma. Kwenye kokoto au mchanga, tegemea zaidi breki ya nyuma.

Pita pia kwenye njia mbaya, ile unayopita kila siku. Na ukiweza, weka mzigo wako wa kila siku: begi la shule, kikapu cha sokoni, au sanduku la dawa. Baiskeli iliyotulia bila mzigo inaweza kuyumba ukiweka kilo 10 nyuma.

KUKUNJA NA KUBEBA

Baada ya kuendesha, ikunje mara tatu wewe mwenyewe. Mara ya kwanza muuzaji akuonyeshe. Mara ya pili ufanye naye akitazama. Mara ya tatu afanye yule atakayeitumia nyumbani, awe mama au kijana. Vidole visiwe karibu na bawaba, na watoto wadogo wasogezwe mbali, kwa maana bawaba hubana kidole kama mlango wa gari.

Kisha ibebe hatua 50. Baiskeli hizi zina uzito wa kilo 10 hadi 16, yaani kama mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka minne. Kuinyanyua, kunja magoti, iweke karibu na mwili, mgongo unyooke, usijipinde kiunoni ukiwa umeishika. Aliyepasuliwa henia au tumbo, na mama aliyejifungua kwa upasuaji, wasiibebe mpaka daktari awaruhusu.

TULIVYOFANYA SISI

Tunao wagonjwa wa nyumbani: waliopooza baada ya kiharusi, wenye vidonda vya kisukari miguuni, wazee wasioweza kufika kliniki. Gari la hospitali huwafikisha wauguzi kwenye njia kuu, kutoka hapo ni kutembea, wakati mwingine kilomita tano kwenda kwa mgonjwa mmoja. Kwa miguu, muuguzi huwafikia wagonjwa wanne kwa siku. Wa tano hungoja, na kidonda hakijui kungoja.

Michango iliyopatikana ilitosha baiskeli moja ya bei kubwa, au mbili za bei ya kati, au tatu za bei ya chini. Wengi wetu tulipenda tatu, kwa hesabu ya haraka. Tukakubaliana tuzijaribu kwanza. Tulikwenda watu watatu: Sista mmoja mfupi, mhudumu kijana mrefu wa kilo 84, na mwenzetu mmoja aliyepita miaka hamsini ambaye goti lake la kulia humsumbua.

Ya kwanza ilikuwa ya inchi 16, nyepesi, kama kilo 11. Kukunjwa kwake kulipendeza, ikawa kama sanduku. Sista aliinyanyua kwa mkono mmoja. Kwenye lami ilikwenda vizuri sana. Lakini tulipoitoa pembeni kwenye njia ya mchanga, gurudumu la mbele lilizama mara mbili, na kijana akaweka mguu chini ili asianguke. Fundi tuliyekwenda naye akasoma namba ya tairi, akasema hajawahi kuliona sokoni kwetu.

Ya pili ilikuwa mtumba wa Japani, inchi 20, gia sita, kilo 15 hivi. Rangi yake ilikuwa imefifia, matairi yamepasuka pembeni, na breki ya nyuma ililia kama mbuzi. Lakini bawaba haikucheza hata kidogo. Kiti kilishuka hadi Sista akagusa chini, kikapanda hadi kijana akanyoosha mguu bila ule mstari wa mwisho kuonekana. Mwenzetu wa goti alipanda kilima kwa gia ndogo, akashuka akisema goti halimsemi. Hata hivyo alishindwa kuiinua peke yake kuiweka garini. Ilibidi watu wawili.

Ya tatu ilikuwa mpya, inang'aa, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Tulipoisukuma huku tumeshika breki, tulisikia bawaba ikigonga. Muuzaji akaikaza. Kijana akaenda kama mita 300, akarudi kiti kimeshuka chini ya uzito wake, na usukani ukiwa umelegea. Ikakazwa tena, ikalegea tena.

Basi tulinunua mbili za aina ya pili. Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji abadili matairi na mkanda wa breki ya nyuma, akakubali, na fundi akathibitisha. Muuguzi wa tatu anatumia baiskeli kubwa ya inchi 28 inayolala kigangoni, maana njia yake ni ya mchanga tupu. Wauguzi wawili wenye baiskeli za kukunja sasa hufikia wagonjwa sita au saba kwa siku, kila mmoja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kupakia, tunakagua bawaba, vifungio, breki na upepo. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Hatusemi kwamba mtumba ni bora daima kuliko mpya. Tumeona mitumba yenye ufa, na kuna mpya zilizotengenezwa vizuri. Tunasema tu kwamba rangi haisemi ukweli, na robo saa ya kuendesha husema.

VIPURI: SOMA NAMBA YA TAIRI

Jambo hili wengi hawalijui. Matairi mawili yanaweza kuitwa yote inchi 20, lakini moja likakataa kuingia kwenye rimu ya lingine. Tazama pembeni mwa tairi utaona namba mbili zenye mstari kati yake, kwa mfano 47-406. Namba ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita, upande mmoja hadi mwingine. Tairi lililoandikwa 20 x 1.75 kwa kawaida ni 406, ambalo ni la baiskeli nyingi za watoto na vijana, hivyo hupatikana kwa urahisi zaidi. Lile la 20 x 1 3/8 huwa ni 451. Hayabadilishani. Za inchi 16 nazo ni hivyo: kuna 305 na kuna 349.

Andika namba hiyo kwenye karatasi, uende kwa fundi wa mtaani kwako kabla ya kununua, umwulize: "Fundi, tairi na tyubu ya namba hii unayo?" Akisema hana, waulize wengine wawili. Wote wakikosa, baiskeli hiyo itasimama siku ya kwanza ya pancha kubwa.

Tazama na valvu. Baiskeli nyingi za kawaida za Japani zina valvu kama ile ya baiskeli zetu kubwa, na pampu ya fundi itafaa. Nyingine zina valvu kama ya gari. Hiyo nayo ni nzuri, kwani unaweza kujaza upepo kituo cha mafuta, ila usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye tairi.

MASWALI YA WASOMAJI

Je, mama mjamzito anaweza kuendesha?
Mimba inapokua, uzito wa mwili huhamia mbele na kuanguka huwa rahisi. Pigo la tumbo linaweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati, na hapo mama na mtoto wako hatarini. Kwa barabara zetu, tunashauri aiache mimba inapoanza kuonekana, atembee kwa miguu. Akianguka, hata kama haoni damu, aje hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nina kisukari. Niendeshe?
Ndiyo, na itakusaidia. Ila kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usiendeshe ukiwa na njaa, na beba sukari au pipi mfukoni. Ukitoka jasho la baridi, ukitetemeka, au macho yakififia, simama, ule. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na ukifika nyumbani kagua nyayo zako.

Na mwenye shinikizo la damu?
Apime kwanza. Likiwa 180/110 au zaidi, lishushwe kwa dawa kabla ya kuanza mazoezi. Kisha aanze na dakika kumi, aongeze kidogo kidogo. Akisikia kifua kinabana, pumzi inakatika au kizunguzungu, ashuke mara moja na kuja hospitali.

Naweza kumpakia mtoto nyuma?
Watengenezaji wengi wa baiskeli za kukunja hawaruhusu kiti cha mtoto. Hata kwenye baiskeli kubwa, mtoto anayekaa kwenye karia bila kizuizi huingiza mguu katika spoku, na kisigino huchanika hadi mfupa. Kama ni lazima, tumia baiskeli kubwa yenye kiti cha mtoto chenye mkanda na ubao wa kuzuia miguu.

Kofia ngumu ni ya lazima?
Mkono uliovunjika tunaufunga plasta. Ubongo hauna plasta. Mnunulie kila mwendeshaji kofia ngumu inayokaa vizuri kichwani na mkanda unaofungwa chini ya kidevu. Usiku weka taa mbele na nyuma. Hesabu gharama hizi pamoja na bei ya baiskeli, usizisahau mpaka fedha iishe.

KWA KUMALIZIA

Wapendwa, kununua baiskeli ni uamuzi wa familia nzima, kwa sababu fedha hiyo ingeweza kuwa ada au bati. Basi kaeni pamoja mjiulize: nani ataitumia? Atapita njia gani? Atabeba nini? Italala wapi usiku? Fundi gani ataitengeneza? Mkiisha kujibu, nendeni mkazijaribu mbili au tatu, siyo moja, na yule atakayeitumia aende mwenyewe. Baba asimnunulie mama baiskeli ambayo mama hajawahi kuikalia.

Mkikuta zote hazifai, rudini nyumbani na fedha yenu. Bado miguu ipo, na kutembea nako ni dawa. Mkiipata inayofaa, kagueni bawaba kila wiki, tieni mafuta mnyororo, na endesheni kila siku. Kinga ni bora kuliko tiba, na sisi hospitalini tungependa kuwaona mkipita barabarani kwa baiskeli kuliko kuwaona wodini.